Chuma Kinachoshika Usukani

Fundi anayeujua usukani haanzi na brashi ya rangi. Anaanza na nyundo ndogo na sikio lake. Anagonga chuma taratibu, kutoka juu kwenda chini, huku akisikiliza. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa ndani hutoa sauti butu, fupi, hata kama juu yake rangi inang'aa. Pale sauti inapobadilika anatia alama ya chaki, kisha anaendelea. Mwenye chombo amesimama pembeni na mkebe wa rangi aliyoinunua kwa bei kubwa, na anaona muda wake unapotea. Kumbe kazi imekwisha kuanza zamani, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu yake ngumu kuliko zote, kwa kuwa hakuna awezaye kumfundisha mwenzake kwa maneno tu.

Nakusudia kuisifu kazi hiyo: kuutunza usukani wa chombo usiliwe na kutu. Msomaji wa Lamu au Unguja huenda akauliza mtu wa Lusangi ana haki gani ya kusema juu ya mambo haya, maana kwetu Kongo, kati ya Kasongo na Kabambare, maji ya chumvi yako mbali sana. Ni kweli. Lakini upande wa magharibi tuna Lualaba na upande wa mashariki tuna Tanganyika, na chuma kwetu si mgeni. Mwingereza Verney Lovett Cameron, alipopita Maniema mwaka 1874 akielekea Nyangwe, aliziona tanuru za kuyeyushia chuma vijijini na akaandika habari zake. Tena njia ya misafara kutoka Ujiji ilipita hapa hapa, na mwaka 1876 mashua nzima ilipita juu ya mabega ya wapagazi: ile Lady Alice ya msafiri Stanley, ya mbao za mwerezi, iliyoundwa Uingereza kwa vipande ili ibebeke nchi kavu, hadi ikafika Lualaba na kufungwa tena. Katika nchi hii kumekuwa na chuma tangu kale, na vyombo vya majini vimetufikia hata kwa miguu.

Kwa nini usukani, wala si nanga au mnyororo? Kwa sababu nanga hutupwa majini ikavutwa tena, mtu akaiona. Usukani hukaa pale pale. Usukani wa jahazi huning'inia kwenye fashini, ile nguzo ya nyuma, kwa rumada, yaani bawaba za chuma ambazo dume lake huingia ndani ya jike. Kila nahodha anaposukuma kana, rumada husuguana. Kutu nyembamba iliyokwisha kushika hufutwa, chuma kipya hubaki uchi, maji hukishika upya. Mahali pengine kwenye chombo kutu huweza kujipanga tabaka juu ya tabaka ikapunguza kasi yake yenyewe ya kula. Kwenye rumada haipati nafasi hiyo. Rangi nayo haikai, kwa kuwa msuguano wa siku chache tu huitoa yote. Na mahali penyewe pako chini ya maji, nyuma, ambapo nahodha hapaoni mpaka chombo kipandishwe pwani.

Juu ya hayo yote, chuma hicho hakikai peke yake. Kimepigiliwa kwenye mbao ngumu zilizolowa. Mbao nyingi za aina hiyo zina tanini, dawa ile ile ya magome inayotumika kuivisha ngozi, na tanini ikikutana na chuma kilicholowa hutoa weusi. Ukiona doa jeusi limezunguka kichwa cha msumari, ujue mazungumzo kati ya chuma na mbao yameanza, na hayana faida kwa yeyote kati yao. Msumari hupungua unene, mbao zilizouzunguka hulainika, na mwishowe msumari upo lakini haushiki kitu. Waunda majahazi wa Ghuba walizungushia misumari yao nyuzi zilizolowa mafuta kabla ya kuipigilia, ili maji yasipate njia ya kufuata. Watu wa Lamu na visiwa vyake walikuwa na jibu kali zaidi: mtepe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za minazi, bila msumari wa chuma hata mmoja. Pasipo na chuma hakuna kutu. Naliheshimu sana jibu hilo, ingawa si kila mwenye chombo aliweza kuishi nalo, maana kamba nazo zilidai kushonwa upya.

Kutu yenyewe inataka vitu vitatu: chuma, maji na oksijeni. Ukiondoa kimoja, imekwisha. Chumvi si mlaji. Kazi ya chumvi ni kuyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, na kuoza kwa chuma ndani ya maji ni jambo la umeme, kama betri ndogo isiyo na swichi. Ndiyo maana hatari huongezeka pale metali mbili za namna tofauti zinapogusana ndani ya maji ya bahari. Moja hutoa, nyingine hupokea, na ile inayotoa ndiyo inayoisha.

Jambo hili liligunduliwa kwa hasara, na liligunduliwa kwenye usukani. Katika miaka ya 1670 jeshi la majini la Uingereza lilianza kufunika matumbo ya baadhi ya meli zake kwa mabamba ya risasi, ili wadudu watoboao mbao washindwe. Meli ya Phoenix ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Risasi ilikaa vizuri. Lakini manahodha wakarudi na malalamiko ambayo hakuna aliyeyatarajia: vyuma vinavyoshika usukani vimeliwa, tena kwa kasi isiyo ya kawaida. Watu wakabishana miaka mingi. Wengine wakasema chuma kilikuwa kibovu tangu mwanzo, wengine wakasema risasi haina kosa. Hakuna aliyejua umeme wa namna hiyo wakati huo, basi hakuna aliyeweza kueleza, lakini sukani ziliendelea kulegea na mpango wa risasi ukaachwa.

Karibu miaka mia baadaye wakarudia na shaba. Meli ya Alarm ilivikwa shaba mwaka 1761, ikapelekwa visiwa vya Karibi. Iliporudi, wakaguzi walikuta misumari ya chuma imemumunyuka chini ya mabamba, isipokuwa michache. Walipochunguza ile michache wakaona kwamba karatasi ya kahawia iliyofungiwa mabamba ya shaba kiwandani haikuondolewa vizuri, na mabaki yake yamekaa kati ya shaba na chuma. Karatasi tu! Aliyeandika ripoti ile alikuwa fundi wa kweli, kwa kuwa hakutazama palipoharibika pekee. Alitazama pia palipopona, akauliza kwa nini.

Mwaka 1824 mwanakemia Humphry Davy akageuza balaa kuwa dawa. Alisema: ikiwa metali moja lazima iliwe, basi na tuchague wenyewe ipi. Akafunga vipande vya zinki na chuma juu ya shaba ya meli, na shaba ikaacha kuliwa. Ajabu ni kwamba meli zilizolindwa hivyo zikaota chaza na majani mpaka zikawa nzito kusafiri, maana ile shaba iliyokuwa ikimumunyuka kidogo kidogo ndiyo iliyokuwa sumu ya kuvifukuza viumbe hivyo. Kwa shaba, dawa ya Davy ikaachwa. Kwa chuma ikaja kuwa msingi wa kazi yote. Leo tazama meli au boti yoyote ya chuma iliyopandishwa, nenda nyuma, utaona vipande vya metali ya kijivu vimefungwa kwa bolti karibu na usukani na rafadha. Hiyo mara nyingi ni zinki, nayo imewekwa pale iliwe.

Napenda kuona fundi anavyosoma kipande hicho. Akikikuta kimeliwa nusu, anaridhika, anakitoa na kuweka kipya. Akikikuta kizima kama kilivyotoka dukani, hapo uso wake hubadilika. Asiyejua angefurahi kwamba hela haikupotea. Yeye anajua kwamba zinki isiyoliwa haikugusana vizuri na chuma, basi kilicholiwa ni chuma chenyewe, na anarudi kwenye nyundo yake. Na kuna kosa ambalo wapaka rangi wenye haraka hulifanya kila mara: hupaka rangi juu ya zinki, ipendeze. Zinki iliyopakwa rangi haifanyi kazi yoyote.

Hapa mtu wa Kongo ana sababu ya kuinua kichwa. Kipushi, karibu na Lubumbashi, ni mgodi wa zinki na shaba uliofunguliwa katika miaka ya 1920, ukasimama mwaka 1993, ukaanza kuzalisha tena mwaka 2024. Zinki ya huko hufunika mabati ya kuezekea na kulinda vyombo ambavyo wengi wetu hatutavipanda. Sisi wa Maniema tuna bati, ile metali inayotokana na kasiteriti ya Kalima, Kailo na Punia, ambayo kampuni ya Symétain ilianza kuichimba kwa ukubwa kuanzia miaka ya 1930. Bati pia hufunika chuma, na makopo ya samaki na nyanya yanategemea hilo. Lakini tofauti yao ni kubwa, na kila fundi chipukizi anafaa kuijua mapema. Zinki ikichubuka, huendelea kukilinda chuma kilichofunuliwa, maana yenyewe ndiyo inayoliwa kwanza. Bati likichubuka, chuma ndicho huliwa kwanza, tena upesi zaidi, na bati hubaki salama pembeni. Kwa hiyo mali yetu ya Kalima haifai kwa usukani, hata kama tungependa ifae.

Kuna uhusiano mwingine ambao sijauona ukisemwa sana. Wales, ilipokuwa bingwa wa dunia wa kutengeneza mabamba ya chuma yaliyofunikwa kwa bati, iliagiza mawese kutoka Afrika ya Magharibi. Bamba la chuma lililosafishwa lilichovywa kwanza kwenye mawese ya moto, ili hewa isiliguse hata kidogo, ndipo likaingia kwenye bati lililoyeyuka. Mafuta tunayopikia sombe, yaani kisamvu, yalikuwa ngao ya chuma kwa dakika zile za hatari. Kwa muda mfupi ni ngao nzuri. Kwa muda mrefu sivyo, kwa kuwa mawese yakikaa huchacha, yakatoa asidi, na asidi hiyo hula chuma. Kwa hiyo mtu asipake mawese kwenye rumada akaondoka kwa msimu mzima. Grisi ya mashine, isiyooza, ndiyo inayostahimili.

Wenye boti za kisasa za matanga, kama zile zinazotia nanga kwenye hori ya Kilifi, hudhani wamevuka mambo haya kwa sababu usukani wao ni wa faiba na mhimili wake ni stenlesi. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ina kromi, angalau asilimia 10.5, na kromi hutengeneza utando mwembamba usioonekana juu ya chuma. Utando huo ukikwaruzwa hujijenga upya, lakini unahitaji oksijeni ili ujijenge. Sasa fikiria mahali mhimili unapoingia ndani ya faiba. Huwa pana ufa mdogo mno. Maji huingia, hayatoki, na oksijeni yake huisha. Ndani ya giza lile utando hauwezi kujiponya, chuma huanza kuliwa kwa vishimo vidogo vyenye kina, na vyuma vilivyochomelewa kushika faiba kwa ndani huanza kuachia. Nje usukani ni mweupe na laini. Kisha siku ya upepo mkali nahodha anageuza mhimili, mhimili unageuka, usukani wenyewe haugeuki.

Dalili ipo, ndogo: mchirizi wa rangi ya kahawia unaotoka kwenye mshono baada ya boti kupandishwa. Fundi mwenye subira hutoboa tundu dogo karibu na ncha ya chini, akasubiri. Ikitoka hewa kavu, analiziba. Yakitoka maji ya kahawia yenye harufu mbaya, anakata dirisha ubavuni na kwenda kuziona zile sehemu zilizochomelewa kwa macho yake. Ni uamuzi mzito kukata kitu kinachoonekana kizima, na anayeufanya bila kuogopa lawama za mwenye chombo ninamvulia kofia.

Turudi kwenye chuma cha kawaida, kwa maana huko ndiko mikono inakofanya kazi zaidi. Kwanza nati. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana huinua rangi, hupasua mbao na hukaza nati mpaka zikawa kitu kimoja na bolti. Mwenye pupa huchukua spana ndefu, akavunja. Fundi humimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, akagonga kidogo pande zote, akaiacha hadi kesho. Kesho anagonga tena. Ikikataa, anaitia moto, chuma kinatanuka, mafuta yanapenya. Nimeona nati ikizunguka kwa vidole baada ya kukataa nguvu za vijana wawili.

Kisha kukwangua: tindo kwa magamba makubwa, brashi ya waya kwa yaliyobaki, msasa mwishoni, mpaka chuma kiwe cheupe. Chombo kilichotoka baharini kinahitaji jambo moja zaidi, ambalo wengi huliruka, nalo ni kuosha kwa maji baridi, kukausha, na kuosha tena. Chumvi hujificha ndani ya vishimo, na rangi ikipakwa juu yake, kutu itafufuka chini ya rangi hiyo hiyo. Rangi ya kwanza lazima ipakwe siku ile ile, kabla umande wa jioni haujashuka, kwa kuwa chuma kilichosafishwa asubuhi huanza kugeuka rangi usiku. Zamani rangi hiyo ya kwanza ilikuwa nyekundu, yenye risasi ndani yake. Ilikuwa nzuri kwa chuma na mbaya kwa aliyeipaka, na sisikitiki kwamba imeondoka. Siku hizi zipo rangi zenye unga mwingi wa zinki, na zinafanya kazi vizuri ikiwa kukwangua kumefanywa kwa haki. Kama hakukufanywa, hakuna rangi yoyote duniani itakayosaidia.

Kazi kubwa kuliko zote za namna hii ninazozijua ilifanyika kwenye ziwa letu la Tanganyika. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, kwenye kiwanda cha Meyer, mwaka 1913. Ikafunguliwa, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Mafundi watatu wa kiwanda hicho, wakiongozwa na Anton Rüter, waliiunganisha tena kwa ribiti pamoja na wafanyakazi wengi wa huku, ikashushwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia viliwafikia, Wabelgiji wakitokea upande wetu wa Kongo, na amri ikatolewa meli izamishwe isije ikatekwa.

Rüter na wenzake walitii, lakini kwa namna yao. Walizipaka mashine grisi nzito, sehemu kwa sehemu, kila palipoweza kufikiwa na maji. Wakaijaza mchanga ili itulie chini, na tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi, kwenye kina cha mita 20 hivi. Watu wenye adui mlangoni walitumia saa zao kupaka grisi. Wabelgiji waliiinua baada ya vita, ikazama tena kwa dhoruba Kigoma. Machi 1924 Waingereza wakaiinua kwa mara ya mwisho. Ilikuwa imekaa chini, kasoro kipindi kifupi, karibu miaka minane, na mashine na boila zake zilikutwa katika hali ya kutengenezeka. Tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, na mashine zake za mvuke ziliendelea kuisukuma mpaka miaka ya 1970.

Yupo atakayesema kwamba sifa ni ya ziwa, kwa kuwa maji yake hayana chumvi ya bahari na yana alkali kidogo, hali inayopunguza kasi ya kutu. Nakubali sehemu yake. Vilindi vya Tanganyika havina oksijeni kabisa, lakini mita 20 si kilindi, na pale oksijeni ipo ya kutosha kula chuma tupu kwa miaka minane. Grisi ndiyo iliyofunga mlango. Nikiulizwa nitaje mafundi bora wa kuzuia kutu katika historia ya maziwa yetu, nawataja hao, na pamoja nao wale wafanyakazi wa Kigoma ambao majina yao hayakuandikwa.

Boti za Lualaba, za Kasongo na zile za Kindu hadi Ubundu, hazihitaji kuogopa chumvi, lakini zinahitaji kuogopa tope linaloganda kwenye bawaba za usukani na kukaa na unyevu humo hata mto unapopungua. Wewe mwenye boti, kiangazi kikifika na maji yakashuka, usiuache usukani ukining'inia. Uvue. Gonga chuma chote kwa nyundo na usikilize. Kwangua, kausha, paka rangi siku hiyo hiyo, jaza grisi ndani ya bawaba kabla ya kuurudisha. Ukitaka kipande cha kuliwa badala ya chuma chako, tafuta cha magnesi, kwa kuwa kwenye maji baridi zinki hujifunika utando ikalala. Na usikipake rangi.